Piskel, Pixilart au Lospec: uchoree wapi picha zako za pikseli?

Ukitafuta mahali pa kuchorea picha za pikseli, yaani picha zinazojengwa kwa vijiraba vya rangi, bila kusakinisha programu, majina matatu hayakosi kujitokeza: Piskel, Pixilart na kihariri cha Lospec. Vyote ni vya bure, vyote hufunguka ndani ya kivinjari, na vyote vinakupa uwanja wa miraba, kalamu, kifutio na ndoo ya rangi. Hapo ndipo mtu anapokwama. Akifungua cha kwanza anaona kinatosha, cha pili nacho kinatosha, halafu jioni nzima inaishia kwenye video za watu wanaobishana kipi kikali, na hajachora hata mraba mmoja.

Nadhani ubishi huo huanzia upande usiofaa. Watu huhesabu zana: hiki kina hili, kile hakina lile. Kwa picha ya pikseli, zana nne au tano zinakutosha kwa muda mrefu sana. Vihariri hivi hutofautiana zaidi katika yale yanayotokea kabla ya kuchora na baada yake: una kifaa gani mkononi, rangi unazitoa wapi, kazi yako inalala wapi usiku, na ikishakamilika inaelekea wapi. Stika ya WhatsApp, mhusika wa mchezo wa kompyuta, na picha ya kuwaonyesha wachoraji wenzako haziendi njia moja. Ukijua yako inakwenda wapi, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Kazi moja kwa vihariri vyote

Tusilinganishe hewani. Tuchukue kazi moja tuipitishe kote: jahazi la pikseli 32 kwa 32, tanga jeupe, mwili wa kahawia, maji ya buluu chini, na mawimbi yanayocheza kwa fremu nne, yaani picha nne zinazofuatana. Tukimaliza tunataka picha iliyotulia ya kutengenezea stika, na nyingine inayotembea.

Ukubwa wa 32 nimeuchagua kwa makusudi. Uwanja wa 16 kwa 16 una pikseli 256, wa 32 kwa 32 una 1,024, na wa 64 kwa 64 una 4,096. Kila unapoongeza upande mara mbili, kazi inakuwa mara nne, na wanaoanza na uwanja mkubwa ndio huchoka mapema. Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alibanwa na ukubwa huohuo wa 32 kwa 32, tena kwa nyeusi na nyeupe tu, na alianza kwa kujaza vijiraba kwenye daftari la karatasi. Daftari la hesabu la mwanafunzi wa shule ya msingi linafanya kazi hiyo vizuri hadi leo, na halili bando.

Sababu ya pili ni hesabu. Stika ya WhatsApp ina pikseli 512 kwa 512, na 512 ukigawa kwa 32 unapata 16 kamili. Kila pikseli yako itageuka kisanduku cha 16 kwa 16 bila kubaki kitu. Ukichorea kwenye 50 kwa 50, mgawanyo hauishi sawasawa, na baadhi ya miraba itatoka minene kuliko jirani zake. Jicho huliona hilo mara moja hata kama mtazamaji hajui tatizo ni nini.

Vigezo

Nitavipima vihariri kwa mambo matano: kifaa na namna ya kuanza, kuchora na rangi, mwendo, kuhifadhi kazi na kuitoa, na watu unaokutana nao humo. Uzito wa mambo haya haulingani. Mwenye simu pekee huenda akamaliza uamuzi wake kwenye kigezo cha kwanza, na anayetengeneza mchezo asiruke cha nne.

Kifaa na namna ya kuanza

Piskel haikuulizi jina. Unafungua, unabonyeza kitufe cha kuunda spraiti mpya (spraiti ni picha ndogo ya mchezo, kama mhusika au kitu), na uwanja wa 32 kwa 32 uko mbele yako. Imejengwa kwa ajili ya kipanya na kibodi, na ukizoea vitufe vyake mkono unakwenda haraka: P ni kalamu, B ndoo ya rangi, E kifutio, L mstari ulionyooka. Kitufe cha kushoto cha kipanya hupaka rangi ya kwanza, cha kulia hupaka ya pili, kwa hiyo unaweza kuchora mwili wa jahazi na kivuli chake bila kurudi kwenye rangi kila mara. Kwenye simu mambo ni mengine. Paneli zimebanana, kidole kinafunika sehemu unayoichora, na subira inaisha. Kwa wenye kompyuta lakini mtandao wa kubahatisha, kuna toleo la kupakua la Windows, macOS na Linux ambalo hufanya kazi bila intaneti kabisa.

Lospec nayo haidai akaunti. Tofauti ni kwamba kabla ya kukupa uwanja inakuuliza mambo mawili: ukubwa gani, na paleti ipi, yaani seti ipi ya rangi. Kuna vipimo vilivyoandaliwa tayari kwa anayeiga mashine fulani, mfano PICO-8, ile mashine ya michezo ya kufikirika yenye skrini ya 128 kwa 128 na rangi 16. Unaweza pia kuchagua hali rahisi au hali ya juu. Kwa siku za mwanzo chagua rahisi, huhitaji msongamano wa vitufe. Hiki nacho ni kihariri cha kipanya.

Pixilart ndiyo pekee kati ya hizi tatu yenye programu zake za Android na iOS pamoja na ukurasa wa kivinjari. Vidole vimefikiriwa tangu mwanzo. Unaweza kuanza kuchora bila kujisajili, lakini ukitaka kuchapisha kazi yako ndani ya jukwaa lao lazima ufungue akaunti. Kuna matangazo pia. Hivyo ndivyo huduma ya bure inavyolipiwa.

Kuhusu bando: kuchora kwenyewe hakuli data nyingi, kwa sababu kazi inafanyika ndani ya kivinjari chako baada ya ukurasa kufunguka. Kinachokula ni matangazo, na matembezi ya kutazama picha za wengine. Anayekwenda Pixilart kuchora mara nyingi hubaki Pixilart kutazama, na hapo ndipo megabaiti zinapoyeyuka.

Kuchora na rangi

Hapa nitakaa kidogo, maana rangi ndizo huamua kama picha ya pikseli inapendeza au inaonekana kama ajali.

Anayeanza hudhani uhuru wa kuchagua rangi yoyote ni faida. Kwenye pikseli 1,024 ni mtego. Akifungua kisanduku cha rangi zote anachota buluu moja ya maji, kisha nyingine inayokaribiana nayo, kisha ya tatu kwa sababu ameshindwa kuikumbuka ya kwanza. Mwisho jahazi lina rangi ishirini na saba, na hakuna hata moja inayosikilizana na mwenzake. Kanga nyingi nzuri zimesimama kwa rangi tatu nne tu, na nguvu yake inatoka hapohapo. Kwa jahazi letu rangi sita zinatosha: mbili za maji, mbili za mbao, moja ya tanga na moja ya kivuli cha tanga.

Lospec imezaliwa kwa ajili ya nidhamu hiyo. Tovuti yao inajulikana zaidi kwa orodha yake kubwa ya paleti zilizopangwa na wachoraji: zimo Sweetie 16, Endesga 32, DawnBringer 32, zile kijani nne za Game Boy, mashine ya zamani ya michezo ya mkononi, na maelfu ya nyingine. Ukiipenda paleti unaifungua moja kwa moja ndani ya kihariri, na kuanzia hapo unachora ndani ya mipaka yake. Uzuri mwingine unauona ukibadilisha mawazo. Ukihariri rangi ndani ya paleti, kila pikseli iliyopakwa rangi hiyo inabadilika pamoja nayo. Unaweza kulipeleka jahazi lote kutoka mchana hadi machweo kwa kugusa rangi nne, bila kuchora upya. Kwa kujifunza rangi, sioni kati ya vitatu hivi kinachoifikia.

Piskel inakuacha huru zaidi. Ina kisanduku kinachokuonyesha rangi zilizokwisha kutumika kwenye picha, na hicho ukikitazama mara kwa mara kinakurudisha kwenye mstari. Pia inaingiza paleti kutoka nje: pakua paleti ya Lospec katika muundo wa GPL, kisha iingize Piskel, na umepata nidhamu ya huku na vifaa vya kule. Ukitaka kubadilisha rangi moja kote, kuna zana ya kupaka pikseli zote za rangi ileile, na ukishikilia Shift wakati wa kubonyeza mabadiliko yanakwenda kwenye fremu zote. Si rahisi kama Lospec, lakini inafika. Kalamu yake ya kioo, inayochora pande mbili kwa mpigo, ni neema kwa nyuso, roboti na wadudu. Kwa jahazi haina kazi kwa sababu tanga la jahazi halilingani pande zote. Ina pia zana ya kung'arisha na kufifisha, ambayo nakushauri uiogope mwanzoni: kila mguso unazaa rangi mpya, na paleti yako ya rangi sita inavunjika ukiwa hujui.

Pixilart iko katikati. Paleti zipo, na uhuru wa rangi zote upo, kwa hiyo nidhamu inabaki juu yako. Leya, yaani tabaka za picha zinazolaliana, zinapatikana katika vihariri vyote vitatu (kwa Lospec, kwenye hali ya juu), na zitumie: maji kwenye leya yake, jahazi kwenye yake. Ukija kuyatikisa mawimbi hutakuwa unaligusa jahazi.

Mwendo

Lospec haina uhuishaji. Kwa anayetaka picha tulivu huo si upungufu. Kwa anayetaka mawimbi yacheze, itabidi achore kila fremu kama picha yake, kisha aziunganishe mahali pengine, na mahali hapo mara nyingi huwa Piskel, kwa kuwa inaingiza picha za PNG, muundo wa picha tulivu, bila shida.

Piskel iliundwa mahsusi kwa spraiti zinazotembea. Fremu zimepangwa safu upande wa kushoto, na juu kulia kuna kidirisha kidogo ambamo picha inacheza muda wote unapochora. Unarekebisha wimbi, unainua macho, unaliona linavyokwenda. Kuna pia chaguo la kuonyesha fremu jirani kwa kufifia, ili ujue wimbi lilikuwa wapi kabla hujalisogeza. Jambo moja la kuangalia ni kasi. Mwanzoni imewekwa fremu 12 kwa sekunde, kwa hiyo mawimbi yetu ya fremu nne yatamaliza mzunguko kwa theluthi ya sekunde, na bahari itaonekana ina homa. Ishushe hadi 4, mzunguko uchukue sekunde nzima, na jahazi litatulia.

Pixilart nayo ina fremu na hutoa GIF, faili la picha inayotembea. Kwa kazi ya fremu nne haikupungukii kitu. Fremu zikifika kumi na mbili au zaidi, mhusika akitembea, akiruka na kuanguka, utatamani ule mpangilio wa Piskel, hasa ukiwa umezoea kompyuta.

Kuhifadhi kazi na kuitoa

Kosa linaloumiza zaidi hapa ni kuhifadhi picha ya mwisho peke yake na kuacha faili la kazi lipotee. PNG haikumbuki leya. GIF haikumbuki paleti ulivyoipanga. Kila kihariri kina muundo wake wa kuhifadhi kazi yenyewe, na huo ndio wa kutunza.

Piskel huhifadhi faili la muundo wake wenyewe kwenye kompyuta, au ndani ya kivinjari. La pili ni la kuangalia kwa makini: data za tovuti zikifutwa kwenye kivinjari, kazi inaondoka nazo. Kwenye kompyuta ya maktaba, ya shule au ya intaneti kafe, usilitegemee hata kidogo. Shusha faili uliweke kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe. Hata hivyo Piskel huweka nakala za dharura za vikao vya karibuni, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kuzikuta ukirudi, ilimradi ni kompyuta ileile na kivinjari kilekile. Wakati wa kutoa, ndiyo yenye njia nyingi kuliko wenzake: GIF, PNG moja yenye fremu zote zilizopangwa, ZIP ya picha mojamoja, na hata faili la msimbo wa lugha ya C kwa wanaocheza na vifaa vidogo vya elektroniki. Kuna pia kitelezi cha kukuza, na hapo unaiweka mara 16 ili 32 iwe 512.

Lospec ina faili lake la mradi na hutoa PNG. Ukitaka kuikuza, unaikuza picha yenyewe ndani ya kihariri, ambapo unaulizwa njia ya kukuza. Chagua ile ya pikseli jirani iliyo karibu zaidi, isiyochanganya rangi. Ile nyingine hulainisha kingo na jahazi linageuka ukungu. Hifadhi nakala ya ukubwa wa awali kwanza.

Pixilart inaweza kuweka kazi kwenye akaunti yako, jambo linalomfaa anayechorea leo kwenye simu na kesho kwenye kompyuta ya rafiki. Unaweza pia kushusha faili la muundo wao ukalitunza mwenyewe, na nakushauri ulitunze. Chochote kilichoko kwenye akaunti ya mtu mwingine hakiko mikononi mwako.

Picha ikishatoka, kuna mambo yanayoharibu kazi za wengi bila kihariri chochote kuwa na hatia. Usihifadhi kwa JPEG. Muundo huo ulitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, na kando ya kila kingo kali huacha vumbi la rangi. Usimtumie mtu picha ya pikseli kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, kwa sababu itabanwa. Itume kama hati. Usiikuze kwa programu ya picha ya simu, maana hulainisha. Kwa stika, WhatsApp inataka muundo wa WebP, isiyozidi kilobaiti 100 kwa stika tulivu na 500 kwa inayotembea. Programu za kutengeneza stika hukubadilishia, na picha yenye rangi sita haikaribii hata mipaka hiyo. GIF nayo haina nusu uwazi: pikseli ama ipo ama haipo, kwa hiyo kivuli cha kufifia chini ya jahazi kitakukatisha tamaa.

Kwa watengenezaji wa michezo kuna mawili ya kuongeza. GDevelop, programu ya kutengeneza michezo bila kuandika msimbo, imeiweka Piskel ndani yake. Ukiwa humo huna haja ya kutafuta kihariri kingine. Kwa Godot, programu nyingine ya kutengeneza michezo, utaingiza ile PNG ya fremu zote, kisha kwenye mipangilio ya mradi weka kichujio cha picha kuwa Nearest. Usipofanya hivyo spraiti zako zitaonekana zimelowa maji, na utamlaumu kihariri bure.

Watu waliomo

Pixilart ni jukwaa la watu kabla ya kuwa kihariri. Kuna kufuatana, maoni, alama za kupendwa na mashindano ya kuchora kwa mada. Kwa mchoraji ambaye hana mwenzake mtaani wa kumwonyesha kazi, hili ni kubwa. Wengi huendelea kuchora kwa sababu tu kuna mtu aliyeandika neno zuri chini ya picha yao. Upande wa pili ni kwamba unaweza kuanza kuchora kwa ajili ya alama. Na kwa mzazi au mwalimu, jukwaa lenye maoni ya watu wasiojulikana linahitaji jicho la mtu mzima, kama mtandao mwingine wowote wa kijamii.

Lospec ina jamii ya aina nyingine: paleti, mafunzo, na mada ya kila siku yenye paleti yake. Lugha ni Kiingereza kote, jambo la kulizingatia ukiwa unafundisha watoto. Piskel imetulia. Unaingia, unachora, unaondoka, hakuna anayekupongeza wala kukusumbua. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya Apache 2.0, na msimbo wa kihariri cha Lospec nao uko wazi kwa anayetaka kujifunza jinsi kilivyojengwa.

Nani anafaana na nini

Piskel humfaa mwenye kompyuta anayetaka kitu kitembee: mtengeneza mchezo, mwalimu wa klabu ya kompyuta, mtu wa GIF. Humchosha mwenye simu, na haimwongozi sana anayehangaika na rangi.

Pixilart humfaa mwenye simu na anayehitaji watu. Humchosha anayetaka utulivu, na humla bando asiyejizuia.

Lospec humfaa anayetaka kujua rangi na kuchora picha tulivu yenye nidhamu: aikoni, picha ya wasifu, mandhari ndogo. Humwacha njiani anayetaka mwendo.

Siku utakapoona vyote vitatu vinakubana, Pixelorama ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ina toleo la kivinjari, ingawa ni zito kufunguka kuliko haya. Aseprite, kihariri cha kulipia kilichoanzishwa na David Capello mwaka 2001, ndiyo wachoraji wengi wa michezo huinunua. LibreSprite ni tawi la bure lililochipuka kutoka kwenye toleo lake la zamani baada ya leseni kubadilishwa mwaka 2016. Lakini hizo ni za baadaye. Usianze kutafuta hela ya Aseprite kabla hujamaliza jahazi.

Kulingana na hali yako

Una simu tu, na huna kompyuta karibuni: Pixilart, kupitia programu yake. Anza na 16 kwa 16, kidole kinahitaji miraba mikubwa. Jiwekee paleti ya rangi sita kabla hujagusa uwanja.

Unataka stika za kikundi cha familia au cha kazini: kama ni tulivu, kihariri chochote kati ya hivi kinakufaa, mradi uchore 32 au 64 na kukuza kwa namba nzima. Kama inatembea, Piskel, kisha programu ya stika ya kuibadilisha GIF.

Unatengeneza mchezo: Piskel, tena kama uko ndani ya GDevelop unayo tayari. Chukua paleti Lospec kabla ya kuchora mhusika wa kwanza, uitumie kwa wahusika wote, la sivyo kila mmoja atakuja na rangi za kwao.

Unafundisha watoto darasani na intaneti ni ya kuotea: toleo la kupakua la Piskel, liwekwe kwenye kompyuta zote mapema kwa flashi. Zoezi la kwanza lifanyike kwenye daftari la miraba, ili kompyuta chache zisiwafanye wengine wakae bure wakisubiri zamu.

Unajua kuchora kwa mkono lakini rangi za kompyuta zinakushinda: Lospec, paleti ya rangi nne, picha tulivu. Ukirudia picha moja kwa paleti tatu tofauti utajifunza zaidi kuliko kuchora picha tatu mpya.

Umechoka kuchora peke yako: fungua akaunti Pixilart hata kama unachorea Piskel au Lospec, kisha ingia kwenye shindano la mada moja.

Una saa moja tu kwenye kompyuta ya kukodi: Piskel, jahazi la fremu mbili badala ya nne, na dakika kumi za mwisho uziache za kushusha faili la kazi na GIF, kisha ujitumie yote mawili kabla muda haujakatika.